Tumeletewa mikataba mipya, mwisho wa kusaini ni Ijumaa. Wauguzi wenzangu, nifanyeje?

Sista_wa_Usiku · Jumamosi, saa 4:20 usiku

Habari za usiku, ndugu zangu. Mimi ni muuguzi wa diploma, niko Arua, Uganda, hospitali ya binafsi. Jina la hospitali nalihifadhi, bado nala hapo.

Alhamisi asubuhi nimetoka zamu ya usiku, nimeshakabidhi wadi, hata viatu vya kazi nimevua, naambiwa niende ofisi ya utawala. Nakuta foleni kwenye benchi la korido, wauguzi watupu, kila mtu kakumbatia mkoba kama anayesubiri majibu ya malaria. Tunaingia mmoja mmoja. Ilipofika zamu yangu nikapewa karatasi nne zilizobanwa pamoja, na kalamu imefungwa kwa uzi kwenye meza kama ya benki. "Sista, mkataba mpya. Saini hapa na hapa."

Nikaomba nikasome nyumbani. Akasema karatasi haitoki ofisini. Basi nikasoma pale pale nimesimama, usingizi unanivuta. Niliyoyashika ni haya. Mkataba ni wa mwaka mmoja, wakati barua yangu ya ajira ya Machi 2018 haina tarehe ya mwisho. Miezi 12 ya kwanza ni ya majaribio (mkataba wa miezi 12, majaribio miezi 12, yaani nitajaribiwa mpaka siku ninayoondoka). Notisi wiki mbili. Likizo "kulingana na hali ya kazi". Kifaa kikipotea, wauguzi wa zamu hiyo wanachangia kulipa. Na chini kabisa kuna mstari unaosema mkataba huu unafuta mikataba yote iliyotangulia na mfanyakazi hana dai lolote la nyuma. Tarehe iliyochapwa juu ni ya miezi miwili iliyopita.

Sikusaini. Nilisema kichwa kinaniuma, nitarudi, na kweli kilikuwa kinauma. Tuko wauguzi na wakunga 23. Mpaka jana jioni 11 walikuwa wameshasaini. Asiyesaini mpaka Ijumaa "asijisumbue kuja Jumatatu". Nina watoto wawili shuleni na mama mwenye kisukari. Nifanyeje?

Mzee_wa_Spea · Jumamosi, saa 4:41 usiku

Saini, sista. Huku nje kuna vijana wana vyeti vya uuguzi wanakaanga rolex (chapati na mayai) barabarani. Ukikataa wewe, Jumatatu kiti chako kina mtu. Mkataba ni karatasi tu, mkataba wenyewe ni mshahara.

Mkunga_Koboko · Jumamosi, saa 4:58 usiku

Mzee, endelea na spea zako. Mimi nilisaini "karatasi tu" ya namna hiyo nikiwa na mimba ya miezi minne. Mkataba ukaisha nikiwa na miezi minane. Hakuna aliyenifukuza, tarehe tu ndiyo iliyofika. Siku 60 za kazi za likizo ya uzazi zenye mshahara ambazo sheria inampa mama nilizisikia redioni.

Katibu_Busia · Jumapili, saa 2:05 asubuhi

Sista, pole na zamu. Mimi ni katibu wa tawi la UNMU, chama cha wauguzi na wakunga, huku Busia. Si mwanasheria, ila nimekaa kwenye vikao vya namna hii mpaka kiti kimenizoea. Nitaandika kirefu, uniwie radhi. Namba za vifungu sitataja, kwa sababu sheria zetu zilichapishwa upya, toleo lililoanza kutumika Julai 2024, na namba zimehama. Nisije nikakutuma kwa afisa na namba ya zamani akucheke.

Kwanza majaribio. Sheria ya Ajira ya 2006 inasema majaribio ni miezi sita, na kuongeza mingine isiyozidi sita mpaka wewe mwenyewe ukubali. Tena mwajiri hamweki mtu kwenye majaribio mara mbili. Wewe ulijaribiwa 2018, ukafaulu, umehudumu miaka saba. Wanataka kukujaribu nini tena? Kama unajua kutafuta mshipa wa mtoto?

Pili notisi. Aliyefanya kazi kati ya mwaka mmoja na mitano ni mwezi mmoja. Mitano mpaka kumi, miezi miwili. Kumi na zaidi, miezi mitatu. Wewe una miezi miwili yako. Wiki mbili ni za mtu ambaye hajatimiza mwaka.

Tatu likizo. Siku saba kwa kila miezi minne ya kazi, jumla 21 kwa mwaka, na sikukuu za serikali hazimo humo. Mnapangiana lini uende, sawa, ila "kulingana na hali ya kazi" maana yake huendi.

Hayo matatu yako chini ya kiwango cha sheria, na sheria hiyo hiyo inasema makubaliano yanayoondoa haki zilizomo ndani yake ni batili, hata uwe umesaini kwa damu. Kwa hiyo hao 11 waliosaini wasilie sana juu ya hayo.

Sasa sikia linaloniogopesha mimi. Kutoka mkataba usio na mwisho kwenda wa mwaka mmoja si jambo ambalo sheria inalikataza. Ukikubali, umekubali. Na ule mstari wa chini, "hana dai lolote la nyuma", ndio mkataba wenyewe. Hayo mengine yote ni pazia. Wanachonunua kwako ni miaka yako. Notisi inahesabiwa kwa miaka. Kiinua mgongo kinahesabiwa kwa miaka, na Mahakama ya Viwanda imekuwa ikikadiria mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka pale ambapo hakukuwa na makubaliano mengine. Una miaka saba. Mwenzako wa 2012 ana kumi na tatu. Piga hesabu ya watu 23 uone kwa nini kalamu ilifungwa uzi.

Wakili hodari anaweza kusimama mahakamani akasema miaka haifutiki kwa mstari mmoja. Lakini kwa nini ujitafutie kesi ya kupigania kitu ambacho leo kiko mkononi mwako?

Niambie mambo mawili: wangapi mko kwenye chama, na je, mnakatwa ada kwenye mshahara?

Sista_wa_Usiku · Jumapili, saa 5:30 asubuhi

Nimekusoma mara tatu, kaka. Mungu akubariki. Tuko tisa kwenye chama. Ada hatukatwi hospitalini, kila mtu anatuma mwenyewe kwa simu akikumbuka. Mwaka juzi tulipeleka fomu za makato, mkurugenzi akasema "mambo ya chama pelekeni kwa wanasiasa, hapa ni hospitali".

Katibu_Busia · Jumapili, saa 5:44 asubuhi

Hahaha. Hilo neno "chama" limetuponza sana Uganda. Ukilitaja tu, bosi anaona rangi za kampeni. Mwambie Ibara ya 40 ya Katiba ya 1995: kila mfanyakazi ana haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi, kujadiliana kwa pamoja na mwajiri, na hata kugoma kwa kufuata sheria. Haihusiani na mbunge wa mtu yeyote.

Tisa si haba. Wasiokuwa wanachama wajiunge wiki hii, ila wasisubiri moto uwashwe tena ndipo watafute maji.

Msimamizi_Kituo · Jumapili, saa 7:10 mchana

Ngoja niseme na mimi, nipigwe mawe. Naendesha kituo cha binafsi, si Arua. Mnamwona mwajiri kama shetani. Bima zinalipa baada ya miezi. Mgonjwa anajifungua, anakimbia usiku na bili. Halafu wilaya ikitangaza kazi za serikali, wauguzi wangu watatu wanaondoka wiki hiyo hiyo bila hata kuaga, nabaki na wadi haina mtu. Mikataba ya mwaka mmoja inanisaidia kujua nina nani na mpaka lini. Na hakuna anayefukuzwa hapo kwa huyo sista, ni kubadilisha masharti tu.

Katibu_Busia · Jumapili, saa 7:52 mchana

Ndugu Msimamizi, sikurushii jiwe. Muuguzi anayetoroka bila notisi anakosea, notisi inamfunga yeye kama inavyokufunga wewe. Nimeshawaambia wanachama wangu hivyo na wamenikasirikia.

Lakini hilo la "hakuna anayefukuzwa" hapana. Ukisema asiyesaini asije Jumatatu, umemwachisha. Na ukiwaachisha watu 10 au zaidi ndani ya miezi mitatu kwa sababu za kiuchumi au za kupanga upya kazi, sheria inakutaka uwape wawakilishi wa chama maelezo, kwa nini, wangapi, kada gani, lini, wiki nne kabla ya mtu wa kwanza kutoka. Na umjulishe Kamishna wa Kazi kwa maandishi. Hapo Arua waliobaki hawajasaini ni 12. Mkurugenzi wake amempa chama taarifa gani? Amesema mambo ya chama yapelekwe kwa wanasiasa.

Msimamizi_Kituo · Jumapili, saa 8:15 mchana

Hilo la wiki nne sikulijua. Nakubali.

Baba_Zaituni · Jumapili, saa 9:03 alasiri

Kwa nini msiende kwa Baraza la Wauguzi huko Kampala? Si ndio wakubwa wenu? Wanyang'anye hiyo hospitali leseni.

Metroni_Mstaafu · Jumapili, saa 12:40 jioni

Baba Zaituni, hilo swali hata wauguzi wenyewe wanalikosea. Baraza liliwekwa na sheria ya wauguzi na wakunga ya 1996. Kazi yake ni kutusajili, kutupa leseni, na kutuita tukimdhuru mgonjwa. Baraza linamlinda mgonjwa dhidi yangu. Chama ndicho kinachonilinda mimi. Ukipeleka mkataba wako Barazani watakukaribisha kiti, watakusikiliza, halafu watakuelekeza mlango mwingine.

Sasa wewe mwanangu wa Arua. Nimefanya kazi miaka 34, serikalini na kwa misheni, nikawa metroni, nikaandika barua za onyo na nikaandikiwa. Nisikilize.

Usikatae kwa mdomo. Mdomo hauna shahidi. Rudi Jumatatu, chukua ile kalamu yenye uzi, pale pa saini andika: "Nimepokea ili nisome. Sijakubali. Nitajibu kwa maandishi." Tarehe ya siku hiyo, si ile yao. Waache washangae.

Halafu nyumbani toa kila karatasi uliyonayo. Barua ya ajira, karatasi za mshahara, barua ya kuthibitishwa baada ya majaribio. Piga picha rosta iliyobandikwa ukutani, zote, maana rosta ikibanduliwa hakuna aliyewahi kuwapo. Na uombe taarifa ya akiba yako NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Kule kila mwezi unaonekana, asilimia 5 yako na 10 ya mwajiri. Mkurugenzi anaweza kusema ulianza jana, NSSF itasema ulianza 2018. Hiyo ndiyo karatasi ambayo hawawezi kuifungia kabatini.

Kijana_wa_Bwera · Jumapili, saa 3:30 usiku

Mimi natoka upande mwingine kidogo. Nilikuwa muuguzi wa kliniki ya VVU, mkataba wa mradi, nalipwa na shirika, nafanya kazi ndani ya hospitali ya serikali. Januari 2025 Marekani iliposimamisha fedha za misaada, ujumbe ulikuja kwa wasapu saa tano usiku: kesho msiende kazini. Baadaye tukasikia wizara inasema anayependa kuendelea kwa moyo wa uzalendo ajitolee. Nilijitolea wiki tatu, kwa sababu nilikuwa na wagonjwa 60 ninaowajua kwa majina. Kisha nauli ikaisha.

Tulikwenda kwa watu wa chama. Walitusikiliza vizuri. Lakini mkataba wangu ulikuwa na kifungu kwamba kazi inafuata fedha ya mfadhili. Waliweza kutudai likizo ambazo hatukwenda na barua za utumishi. Kazi yenyewe hawakuweza kuirudisha. Kwa hiyo dada, kama una mkataba usio na mwisho, ujue wenzako tunauota ndotoni.

Mzee_wa_Spea · Jumapili, saa 3:47 usiku

Bwera, hiyo imenigusa. Pole.

Nesi_Mchovu · Jumatatu, saa 1:15 asubuhi

Samahani, mimi nitasema ukweli wangu. Niliwahi kulipa ada ya chama fulani miaka minne. Nilipopewa barua ya kujieleza niliwapigia, simu ikaita mpaka ikachoka. Viongozi niliwaona siku ya fulana na kofia. Kwa nini nilipe tena?

Katibu_Busia · Jumatatu, saa 1:50 asubuhi

Sina utetezi kwa simu isiyopokelewa. Ninachoweza kusema ni kwamba chama kwenye kituo chako ni nyinyi. Mtu wa Kampala hajui kwamba kwenye wadi yako muuguzi mmoja anaangalia vitanda 32 usiku. Kama kituoni hamna mwakilishi mliyemchagua, anayejua nani kaandikiwa barua lini, basi kila mtu anapiga simu peke yake, na simu moja haina uzito. Zikija barua kumi zenye saini za kituo kimoja, hata mimi naamka usiku.

Dada_wa_Ng'ambo · Jumatatu, saa 2:20 asubuhi

Niko Busia upande wa Kenya, navuka kila wiki kununua matoke. Sisi 2017 tuligoma kuanzia Juni mpaka Novemba, miezi mitano, kwa sababu ya mkataba wa pamoja ambao waajiri hawakutaka kuutia saini na kuusajili. Nilikula akiba ya harusi ya ndugu yangu. Watu wanadhani tuligombea pesa tu. Tuligombea karatasi yenye saini, kwa sababu ahadi ya jukwaani tulishakula tukashiba. Nawaonea wivu kama mnaweza kumaliza mezani.

Sista_wa_Usiku · Ijumaa, saa 2:00 usiku

Nimerudi. Samahani kwa kimya, nilikuwa zamu mfululizo.

Jumatatu nilifanya kama metroni alivyosema. Niliandika maneno yale, polepole, kwa herufi kubwa kama ninavyoandika kwenye faili la mgonjwa. Mkurugenzi akaigeuza karatasi, akasoma, akanitazama. Akaniuliza, "Nani amekufundisha hii?" Nikasema, "Ni maandishi yangu, bwana." Akanyamaza kitambo, akasema toka. Nilipofika mlangoni miguu ilikuwa inatetemeka mpaka nikakaa kwenye benchi. Lakini wenzangu waliokuwa kwenye foleni wakaniuliza nimeandika nini, nikawaambia. Siku ile watu watano waliandika hivyo hivyo. Mmoja aliandika "Nimepokea" tu, akasahau "Sijakubali", tukamrudisha akaongeze.

Jumatano tulikutana nyumbani kwangu, watu 17, watano wao ni wale waliokwisha kusaini. Nilipika posho na maharage, maziwa ya chai yakaisha. Kumi wakajaza fomu za chama. Tumemchagua mkunga mmoja awe mwakilishi, mtu mpole, ila hasahau tarehe. Tukaandika barua moja, saini 17, nakala kwa chama na kwa ofisa wa kazi wa jiji.

Halafu NSSF. Metroni, niliomba ile taarifa. Miaka yangu yote imo, kuanzia 2018. Ila mwaka 2020 kuna shimo la miezi mitano. Nikachukua karatasi zangu za mshahara za miezi hiyo hiyo: nilikatwa asilimia 5 kila mwezi. Wenzangu sita wameangalia, shimo ni lile lile. Sijui nicheke au nilie. Nilikwenda kutafuta ushahidi wa miaka, nikakuta pesa zimepotea njiani.

Leo ni Ijumaa, mwisho wa kusaini. Hakuna aliyeniambia neno. Jumatatu nitakwenda kazini kama kawaida.

Katibu_Busia · Ijumaa, saa 2:31 usiku

Nenda na usaini daftari la mahudhurio. Ukizuiwa getini, piga picha, andika saa na jina la askari, ondoka kwa heshima. Usigombane na askari, naye ana mkataba wake. Na kama mtu ataachishwa, kumbukeni malalamiko kwa ofisa wa kazi yana muda, miezi mitatu. Nimeona watu wakisubiri mwaka mzima "mzee apoe", wakija mlango umefungwa.

La NSSF lipelekeni kwao moja kwa moja, msilichanganye kwenye barua hii. Mwajiri aliyekata na hakupeleka ana kesi yake peke yake.

Mkunga_Koboko · Jumatatu, saa 1:05 usiku

Sista, vipi? Umeingia?

Sista_wa_Usiku · Jumanne, saa 4:00 asubuhi

Niliingia. Askari alinifungulia geti akaniuliza habari za watoto. Ila rosta mpya imebandikwa: mimi, mwakilishi wetu, na wawili wengine, usiku wiki tano mfululizo. Nimeipiga picha.

Sista_wa_Usiku · wiki tano baadaye, Alhamisi, saa 5:10 asubuhi

Wengi mmeniuliza, nimeona nieleze yote hapa.

Afisa wa chama alikuja wiki ya pili. Nilitarajia mtu wa kupiga meza. Akaja mama mmoja na faili la kijani na miwani imening'inia kwa kamba, akaomba maji ya kunywa, akaanza kusoma mkataba kwa sauti, mstari kwa mstari, akisimama kila mahali kuuliza, "Hii maana yake nini, bwana mkurugenzi?" Ilichukua saa tatu. Ilipofika kwenye majaribio ya miezi 12, mkurugenzi mwenyewe akasema, "Hiyo ni makosa ya uchapaji." Sawa. Makosa ya uchapaji yalikuwa mengi siku hiyo.

Tulipofika: majaribio yametoka. Notisi na likizo zimerudi kama sheria inavyosema. Sisi 12 ambao hatukusaini tunabaki na barua zetu za zamani, na hospitali imeandika hivyo kwa karatasi yenye muhuri. Ada ya chama itaanza kukatwa kwa waliojaza fomu. Usiku wangu wa wiki tano ulikatwa ukawa wiki tatu baada ya mama yule kuweka picha za rosta mbili mezani, ya kabla na ya baada, bila kusema neno.

Wale 11 ndio donda. Mkurugenzi anasema wamesaini wakiwa na akili zao. Chama kinasema walisaini bila kusoma, kwa tarehe ya uongo, kwa tishio. Suala hilo limekwenda kwa ofisa wa kazi kwa usuluhishi. Wawili wao walinilaumu mimi, eti kama ningesema mapema. Mmoja ana miaka 13 pale. Alisaini akiwa anawahi kurudi kwenye mama aliyekuwa anasukuma. Nilimwona siku hiyo ofisini, alisaini hata kiti hakukalia.

Na kifungu cha vifaa bado tunavutana. Katikati ya hayo mwenzetu wa wadi ya watoto akaandikiwa barua kwamba amepoteza kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, akatwe mshahara. Zamani angekatwa na kunyamaza. Safari hii tuliomba kikao, na sheria inamruhusu aje na mtu wake, akaja na mwakilishi wetu. Yule mkunga mpole aliuliza swali moja tu: naomba daftari la vifaa tuone kilikabidhiwa kwa nani. Likaletwa. Mara ya mwisho kuandikwa ilikuwa 2022. Kikao kikaahirishwa, tarehe mpya hatujapewa, na mshahara wake wa mwezi huu ulitoka mzima.

Nesi_Mchovu · Alhamisi, saa 6:02 mchana

Daftari la 2022! La kwetu sijui hata kama lipo. Hiyo fomu ya kujiunga inapatikana wapi? Sijasema najiunga. Nauliza tu.

Metroni_Mstaafu · Alhamisi, saa 6:30 mchana

Umefanya vizuri, mwanangu. Sasa anzeni kuandika hilo daftari nyinyi wenyewe, kila mnapokabidhiana zamu, na mkabidhiwa asaini. Yule wa miaka 13 usimwache. Mpelekee taarifa yake ya NSSF hata kama hakusemeshi.

Sista_wa_Usiku · Alhamisi, saa 6:48 mchana

Nimeshamwombea, anaichukua kesho. Usuluhishi ni Jumanne ijayo saa tatu asubuhi. Natoka zamu saa mbili, nitakwenda na nguo za kazi.

Nesi Mchovu, fomu nitakutumia faraghani.